Mguu Wangu na Shule ya Mjukuu

Hospitali anakofanya kazi mjukuu wangu, kule Muleba, ilipomwambia itamsomesha uuguzi shahada ya pili na nafasi yake itamsubiri, mimi nilikasirika.

"Digrii unayo, mtoto mdogo unaye, sindano unajua kuchoma. Unakwenda kutafuta nini tena?"

"Kwa nini wengine hawaponi, Bibi."

Nikaona ni maneno ya wasomi. Akaenda. Mtoto nikabaki naye hapa Izimbya.

Mwaka aliorudi nilijikata mguu kwa panga kibanjani, kwenye migomba yangu. Mimi nina sukari, kidonda kikagoma kupona. Kila wiki nilikwenda kliniki Bukoba, wanasafisha, wanafunga, wanashangaa. Mwisho daktari akasema: wiki mbili zikipita hivi hivi, tunakata. Mguu wenyewe huu ninaolimia.

Mjukuu wangu akanichukua Muleba. Akawatoa wenzake nje, akaketi chini, akaupakata mguu wangu.

"Bibi waitu," akaniita kwa Kihaya, kwa upole, "nyumbani unaweka nini kwenye kidonda?"

"Siweki kitu."

"Sikugombezi. Wengi wanaweka. Nataka tu kujua ni nini."

Nikasema yote. Nikitoka kliniki nilikuwa nafungua bandeji, nabandika majani ya kusaga na majivu. Siku ya kurudi naamka mapema, naosha, nafunga upya, wauguzi wasije wakanifokea. Kumbe walikuwa wanatibu kidonda nilichokipamba kwa ajili yao.

"Na bandeji ulifungaje hata wasijue?"

"Unadhani umesoma peke yako?"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaniambia, bila kuzunguka, kwamba majivu yale ndiyo yaliyokuwa yanaunguza nyama mpya. Nikaacha. Siku hizi wauguzi wote pale amewafundisha hivyo: waulize kwanza, wakikaripia mgonjwa ataficha.

Zile wiki mbili zilipoisha, nyama nyekundu ilikuwa imeanza kuota. Daktari wa Bukoba akageuza mguu huku na huku, akasema hakati. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu aliponitajia kukata.

Mwezi uliopita hospitali ya Muleba ilimchagua muuguzi mwingine akasome, mama mkwe wake akakataa. Nikasikia, nikapanda mwenyewe kwa miguu hadi kwa mama mkwe huyo. Anayapenda maneno yake, yule mama. Nikamwacha aseme mpaka akachoka, halafu nikavua kiatu, nikamwonyesha.