Mlio wa Simu Uliotoka Kifuani mwa Neema

Niliirekodi pumzi ya mdogo wangu Neema, mtoto anayenyonya bado, nikaifanya mlio wa simu. Ndiyo, mimi huyu huyu. Alikuwa na mafua, na kila akipumua kifua kilipiga filimbi kama birika linalochemka. Mama, kabla ya kwenda zamu kiwandani Nyakato, aliniagiza: "Kifua kikianza kulia, unipigie." Sikumpigia. Niliwarushia wenzangu wa darasani ile sauti, wakacheka, nikajiona msanii. Mama aliporudi, Neema amelala, nikamwambia, "Mafua tu, mama."

Asubuhi Neema akagoma kunyonya, mbavu zinabonyea kila akivuta hewa. Tukakimbilia hospitali, akawekewa oksijeni.

"Kifua kilianza kulia lini?" daktari akauliza.

"Leo alfajiri," mama akajibu.

Hapo simu yangu ikaita mfukoni. Daktari akageuka haraka kumtazama Neema, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo sauti ya nani?"

"Ya Neema," nikasema. "Ya jana mchana."

Nilisubiri kofi, ningelipokea. Mama alinitazama tu, akasema taratibu, "Kumbe uliisikia, mwanangu."