Feni ya Kompyuta Yangu ya Gemu

Ukicheka, cheka polepole. Kompyuta ya gemu nimeunda mwenyewe hapa Nyaramba, ndani ya sanduku kubwa, ndio baadaye niongeze kadi ya picha yenye nguvu. Ubavu niliuacha wazi ipumue, mama akaifunika na kitambaa chake cha kufuma.

Binamu yangu Ombati alikuja kutoka Kisii mjini kuhakikisha, maana alisema mtu aliyeacha shule kidato cha pili hawezi kuunda kompyuta. Nikawasha. Gemu ikafunguka, nikaruka! Halafu sanduku likaanza kelele.

"Ni feni hiyo. Bado inazoea."

"Feni inasema kokoko, ndugu yangu?"

"Za kisasa ziko hivyo."

Ombati akainua kitambaa. Pale nilipoachia kadi nafasi, kuku ya mama ilikuwa imelalia mayai, inaniangalia vibaya.

Mama akaja kuona, akafurahi sana. "Kumbe ni hapa ilijificha! Wewe, zima hiyo gemu, usiisumbue."