Kengele ya Jokofu la Damu

Bukoba, Septemba 1991

Saa tatu asubuhi. Katika hospitali moja mjini Bukoba, fundi Burhani Omary anafungua jokofu la damu na kukodolea macho kipimajoto. Joto linapopita nyuzi sita, kengele inalia. Anaizima, anageuza skrubu kidogo, anaanza upya.

Ndiyo kazi yake: kuamua kengele ilie lini, na imwite nani.

Mambo ya waya alijifunza jeshini, akitunza simu wakati wa vita vya 1979. "Kule ukikosea, watu wanakufa," anasema. "Nilidhani hapa ni afadhali."

Mwanzoni aliitega kengele ilie papo hapo joto likizidi. Ikawa inalia kila mlango unapofunguliwa, kila umeme unapoyumba, hata mara ishirini kwa siku. Wauguzi wakaizoea.

Machi mwaka huu umeme ulikatika mchana, na jenereta ikagoma. Kengele, inayotumia betri, ililia zaidi ya saa nzima. Hakuna aliyegeuka. Chupa zote tisa za damu salama zikaharibika.

Jioni akaletwa Alistidia, mama kutoka Kamachumu, aliyetokwa na damu nyingi akijifungua. Kaka zake wawili walijitolea. Damu zao zilipopimwa, zote zilikuwa na virusi vya UKIMWI. Alistidia alifariki kabla ya kupatikana mtu wa tatu.

"Niliisikia," anasema muuguzi Benigna, macho chini. "Nikasema, si ile ile ya kila siku? Waitu, jamani, nilisema hivyo."

Burhani hamlaumu. "Mimi ndiye niliyemzoesha kutoisikia."

Sasa kengele hungoja dakika kumi kabla ya kulia. Asipotokea mtu, ya pili hulia ofisini kwa matroni. Ukutani kuna orodha ya mafundi wa kuitwa. Jina la Rweyemamu limekatwa kwa wino. La Karugendo pia; walimzika kijijini Kanazi mwezi uliopita.

Limebaki jina la Burhani. Tangu Juni anakohoa, na suruali yake ameikaza kwa kamba.

"Nikiondoka mimi, italia tu," anasema. "Itamwita nani?"

Anapanga kuanzia Jumatatu amfundishe Benigna kuitega, kuijaribu na kubadilisha betri.

Je, amekubali?

"Amekubali. Ila ameniomba twende polepole, kazi za wodini ni nyingi." Burhani anafunga kisanduku cha zana, anapumzika kidogo, anakohoa. "Nimemwambia, hapana, dada. Twende haraka."