Mstari Uliokwenda Wenyewe

Maulida hakuwahi kujua kusubiri. Utotoni, kwao Chanji, mjini Sumbawanga, alifunua sufuria ya maharage kila baada ya kitambo kidogo, mpaka mama yake, Bi Sauda, akamtoa jikoni na kumpa ufagio. Alipokua alisoma kompyuta chuoni Mbeya, akaolewa, akaachika, akarudi nyumbani, na kote huko watu walimkumbuka kwa kusimama mlangoni. Hata kiti chake cha ofisini kimebaki kipya kwa kukosa mtu wa kukikalia.

Ofisi ni ya familia, katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Gari lao hushuka na abiria hadi Kipili, bandari ya Ziwa Tanganyika, na kutoka hapo boti yao huzungukia vijiji vya ziwani. Zamani watu wa mjini walipiga simu kutwa kuuliza kama ndugu zao wamefika, ndipo Maulida akatengeneza programu ya simu. Zenon, wakala wao wa Kipili, huweka alama kwenye jina la kila abiria anayekanyaga nchi kavu. Mtu wa Sumbawanga akifungua simu yake, taarifa hupakuliwa kimyakimya, kisha anaona.

Shida ilikuwa ule ukimya. Mtandao wa kule chini ni wa kubahatisha. Mwanzoni Maulida aliweka kiduara kinachozunguka, na watu wakakichoka. Waliifunga programu, wakaifungua tena, na kila walipoifungua upakuaji ulianza upya. Kisha wakampigia kumuuliza kama simu zao zimekufa. Hakuwalaumu, maana yeye angekwisha kuitupa hiyo simu. Basi akakitoa kiduara, akaweka mstari wa kijani unaojaa kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari huo haukuwa na habari yoyote ya Kipili. Aliupangia mwendo mwenyewe: uanze kwa kasi, kisha karibu na mwisho ujivute mpaka taarifa zifike, hata zikichukua kutwa. Malalamiko yakaisha. Kila alipouona kuna kitu kilimkereketa, lakini kilikuwa kidogo, akakizoea.

Siku moja ya Juni upepo wa kusini ulipiga mabati tangu asubuhi, na mdogo wake Sadick alikuwa ndani ya boti akitokea Wampembe, kimoja cha vijiji vya ziwani. Sadick hajui kuogelea. Ni mtoto wa nyanda za juu, maji aliyoyazoea ni ya ndoo.

Zenon hakupatikana. Maulida alimpigia, akaenda mlangoni, akatazama vumbi la barabarani, akarudi, akampigia tena. Mchana ukapita hivyo. Aliufungua mstari wake mwenyewe, akautazama ukikimbia, na haukumtuliza hata chembe, kwa kuwa alijua nani anayeukimbiza. Alipokwenda uani alimkuta mama yake ametulia, simu ameiegemeza kwenye bakuli, anakanda unga wa chapati.

"Amekaribia," Bi Sauda alisema.

"Nani, mama?"

"Mdogo wako. Si huyo hapo." Kidole chenye unga kiligusa ncha ya mstari. "Boti hupunguza mwendo ikifika Kipili, wanaogopa miamba. Kila siku naiona inavyonyata hapo mwisho."

Bi Sauda akaendelea kusimulia kwamba hata jirani yao Josefina, ambaye mumewe Romani ni mfanyabiashara wa dagaa na leo yumo safarini na Sadick, huanza kuchambua mchele mstari ukivuka katikati. Kisha akamwomba bintiye awashe mkaa.

Maulida alichukua kiberiti, akakirudisha.

"Mama, ule mstari si boti."

"Ni nini basi?"

"Ni mimi. Niliupa mwendo ili watu wasichoke kusubiri."

Mikono ya Bi Sauda ilisimama ndani ya unga.

"Kwa hiyo hujui mwanangu alipo."

"Sijui."

Bi Sauda alifunika unga kwa kitambaa, akanawa, akakaa. Kisha akamuuliza Maulida anajua nini hasa. Alijua kwamba boti iliondoka Wampembe asubuhi, na kwamba Kipili hakuna anayejibu. Basi.

"Andika hayo."

Maulida akaleta kompyuta uani, akakaa kando yake, akauondoa mstari na kuandika: Boti imeondoka Wampembe. Kutoka Kipili hakuna habari bado. Akapanga kila jina lionekane pale tu linapofika.

Watu walianza tena kupiga simu. Josefina alikuja mwenyewe, kanga begani na ungo mkononi, akidai ameporwa. "Mmeuficha wapi ule mstari? Ulikuwa unanituliza kuliko Romani mwenyewe." Walipomweleza, alikaa chini, akaanza kupepeta ungo usio na kitu.

Jua lilikuwa limeinama jina la kwanza lilipoingia. Bertilla, ameshuka. Likafuata la mzee mmoja wa Milanzi. Kisha Romani, na Josefina akaondoka mbiombio, ungo ameusahau. Majina yakakoma. Maulida akainuka, Bi Sauda akamvuta gauni, akamkalisha. Hakuna aliyesema Sadick amekaribia.

Jina la Sadick lilikuja la mwisho. Baadaye Sadick alisema alikuwa akiogopa ubao wa kushukia, kwamba ulicheza kuliko boti. Lakini wakati huo mama yake alifunua tu unga, akaukuta umekauka juu, akaurushia maji.

Safari iliyofuata ya Sadick, upepo ulikuwa uleule. Bi Sauda alitazama maneno yasiyosogea mpaka akachoka.

"Huwezi kuniwekea ule mstari," akauliza kwa sauti ya chini, "kwangu peke yangu?"

Maulida alikuwa mlangoni. Alirudi ndani, akavuta kigoda na kukaa kando ya mama yake, wasubiri pamoja.