Fimbo ya Mpera na Mchezo wa Bunduki

Mjukuu wangu wa kike aliletwa kwangu Kisarawe akiwa na miaka kumi na miwili, na simu kuukuu ya mama yake yenye mchezo wa kupigana bunduki. Mama yake, binti yangu, anapika chakula cha kuuza Tumbi. Alinionya, "Mama, akipiga tena mtoto wa mtu, nampeleka bweni."

Sikuupenda ule mchezo. Watu wanaanguka, yeye anacheka. Nikimwambia weka dude hilo uje umenye mihogo, ananijibu, "Subiri mke mwenza, nimebakiza wawili." Ndivyo tunavyotaniana, maana marehemu babu yake alikuwa mume wetu sote.

Siku moja binamu yake wa miaka sita, anayekaa nyumba ya pili, alimzimia simu. Mjukuu wangu akamzaba kofi, shavu la mdogo likavimba. Nikakata fimbo ya mpera nikamchapa miguuni, na kila fimbo nasema, haya ndiyo unayofundishwa na simu, haya ndiyo.

Hakukimbia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe bibi, ulifundishwa na mchezo gani?"

Ningemwongeza fimbo kwa ufedhuli wake, lakini usoni hakuwa na ufedhuli. Alikuwa anauliza. Madarasa yangu ni manne, na simu naijua kupokea tu. Mama yake nilimchapa kwa chungu kuvunjika, kwa kuchelewa kisimani. Naye akawa na mkono mwepesi. Mtoto wake alipokuja kwangu, mgongoni alikuwa na alama za mwiko. Niliziona nikimwogesha alipokuwa na homa, nikaenda kutafuta makosa kwenye simu.

Nilimkanda miguu kwa maji ya chumvi. Wiki nzima ikawa "ndiyo bibi", "hapana bibi", basi.

Binti yangu alipopata habari alikuja Jumamosi na begi tupu.

"Si nilikwambia, mama? Huyu bila fimbo na bweni haponi."

"Fimbo nimempa. Kama niliyokupa wewe. Ilikuponya?"

"Leo mama unasema nini?"

"Nasema nilikosea. Kwako kwanza, halafu kwake. Nisamehe, mwanangu."

Neno hilo sikuwahi kumwambia tangu nimzae. Akainama, akajifuta kwa pindo la khanga. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, hajui akae au akafungashe nguo zake.

Hakufungasha. Begi lilirudi Tumbi na mihogo.

Mchezo wenyewe bado siupendi. Anacheza baada ya alasiri, magharibi ikiadhiniwa simu naishika mimi. Mjukuu wangu alimwomba binamu yake radhi kwa hiari yake, lakini yule mdogo bado akipita karibu naye hufunika shavu kwa kiganja. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia asubiri, asimlazimishe.