Siku Nilipokuwa Honi ya Trekta

Chekeni tu, nimeshazoea, hata Akinyi mke wangu bado hucheka peke yake akipika, lakini aibu ya siku ile mimi sijaimaliza mpaka leo.

Kazi yangu ni kuendesha trekta dogo la kuvuta toroli la mizigo kwenye kiwanja cha ndege huku upande wa ziwa (kiwanja chenyewe ni kidogo, ndege chache, maneno mengi). Sasa trekta hilo honi yake ilikufa, breki nazo zikawa za kubembelezwa, na madam wa usalama akaniambia nilipeleke kwa fundi. Ni kazi ya nusu siku tu. Mimi nikajifanya wakili. Nikamwambia sheria za magari ni za barabarani, na chombo hiki hakina namba, hakina bima, hakijawahi kutoka nje ya geti, kwa hivyo honi ya nini, nimpigie nani? Wenzangu wakanipigia makofi, nikavimba kichwa.

"Sawa, nitauliza ofisini," madam akasema. "Lakini wewe tengeneza."

Sikutengeneza.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akawa anakuja kwetu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Mnajua uzito wa ziara kama hiyo. Akinyi alipaka nyumba rangi, akachinja kuku, mama zake wadogo wakafika kutoka Asumbi, na usiku akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Mama akirudi bila kula kwangu, uso nitauficha wapi?" Mama alikuwa anatoka Nairobi na ndege yetu. Nikanyoa ndevu, nikavaa shati jeupe, nikaamua mzigo wake nitaupeleka mwenyewe.

Ndege ikatua, nikapakia masanduku, nikaanza kuteremka polepole kuelekea getini, na mbele yangu mama mkwe anatembea katikati ya njia, amenipa mgongo, anamwambia mtu kwenye simu kwamba amefika salama. Nikakanyaga breki. Trekta likaendelea. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, likaendelea tu, mwendo wa ng'ombe anayerudi nyumbani, na kushoto kuna ndege, kulia kuna abiria na watoto wao.

"Omera, ndugu yangu, piga honi!" Ouma mwenzangu akapiga kelele kutoka kwenye ndege.

"Haina!"

"Basi muite!"

Nimwite nani? Kwetu mama mkwe humtaji jina, humsogelei, na kumpigia kelele mbele ya watu ndiyo kabisa (mimi hata kumsalimia namsalimia nikiangalia viatu vyangu). Zikabaki hatua nne. Nikafungua mdomo, kikatoka kilichotoka: "Piiip! Piiip! Piiiiiip!" Mtu mzima, na shati jeupe.

Mama akageuka, akaruka kando, trekta likapita, likapanda nyasi na kujigonga kwenye fensi, na sanduku lake likaanguka likafunguka. Petikoti zikatawanyika. Nikashuka mbio kuziokota, nimeshika ya tatu ndipo nikakumbuka ni za nani. Nikaitupa chini kama inaniunguza, nikageuka kuangalia fensi, na kiwanja kizima kikaangua kicheko. Nilitamani kulia.

Nyumbani nilijificha nyuma ya jikoni. Chakula kikapakuliwa, lakini sikusikia mtu akila. Nikajua nimemwaibisha mke wangu. Kisha nikasikia sauti ya mama.

"Akinyi, uliza bwana yako, hiyo kitu yake ni gari ama si gari?"

Akinyi akaniuliza kupitia dirishani, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kueleza habari ya namba na barabara.

"Muambie," mama akanikatiza, "hiyo kitu ilikuwa inigonge, na haikuniuliza kama niko barabarani."

Halafu nikasikia maji ya kunawa yakimiminwa, na mama akisema leteni hiyo ugali kabla haijapoa. Nilifurahi: mama anakula kwetu.

Kesho yake nilifika kwa fundi kabla hajafungua. Ofisi ilimjibu nini madam sijui, na sitauliza. Chochote chenye magurudumu nitakachokalia tena kitakuwa na honi na breki, hata kikiwa sebuleni.

Mama alikaa siku nne, akala vizuri. Kabla ya kurudi Nairobi alinitumia ujumbe kupitia kwa Akinyi kwamba mkwe wake ni mtu mzuri, ila siku ya ndege yake aombe ruhusa asije kazini. Nikaenda kuomba. Madam alisaini kabla sijamaliza kueleza sababu.