Mguu wa Kaka Ambakisye

Tulikuwepo wanne: kaka yangu Ambakisye, aliyeumia mpirani; binamu yetu Tusekile; mjomba Asajile, mwalimu wa timu na mchuaji wake; na mimi, mdogo wao wote.

Juzi uwanjani Chapwa nilimwona binti wa huduma ya kwanza akimzuia kocha asimchue mchezaji aliyeumia. "Usimguse, mzee. Mguu huu hauchuliwi." Akaufunga kwa vibao, basi. Nikakumbuka kule Mbebe, miaka ile kaka alipoumia.

Mjomba alitafuna tumbaku, akatema mate meusi kwenye kifundo kilichovimba, akakichua kwa mafuta ya nguruwe yaliyochacha. Uvundo ule bado ninao puani. Tusekile alitapika pembeni.

"Shika mguu, mama, usiachie," mjomba aliniambia. Kisha akamgeukia kaka, "Na wewe tulia, mwanaume mzima."

Mfupa ulilia kacha, kacha, kama mtu anatafuna mahindi makavu. Nilidhani unarudi mahali pake, nikacheka kwa furaha. Kumbe ulikuwa unasagika. Ambakisye hakucheza tena, alichechemea mpaka anakufa.

Mliobaki, kama nimekosea jina la yeyote, nisahihisheni. Ila aliyeushika ule mguu, huyo simkosei.